Kitu nisichokipenda katika ustaarabu wetu wa Lamu ni muhali. Nanyi mwasemaje?

Binti wa Langoni (mleta mada)

Assalaam aleikum ndugu zangu. Tumezoea kuulizana tunajivunia nini katika mila zetu, na majibu tunayo tele: milango ya nakshi, Maulidi, tenzi, adabu ya kumsalimu mtu kabla ya kumwambia shida. Leo nauliza upande wa pili. Katika utamaduni wetu wenyewe, si wa bara wala wa Wazungu, ni kipi kinachokuumiza?

Naanza mimi. Sipendi muhali.

Kwa mliokulia mbali: kuona muhali ni kushindwa kumkatalia mtu, kumdai au kumwambia kweli kwa sababu ya ukaribu ulio baina yenu. Asili ya neno ni Kiarabu, na huko ni jambo lisilowezekana. Nasi tumelibeba vivyo hivyo. Kumwambia kaka yako "nipe haki yangu" ni jambo lisilowezekana.

Baba yetu alifariki miaka 12 iliyopita, mama alikuwa ameshamtangulia. Aliacha nyumba ya mawe Mkomani na watoto watano, wanaume wawili na wanawake watatu. Hesabu yake hata mtoto wa chuo cha Qur'ani aijua: mafungu saba, kila mwanamume mawili, kila mmoja wetu moja. Hakuna aliyeitamka. Arubaini ikapita, mwaka ukapita, kaka mkubwa akabaki chini na wanawe, juu akapangisha. Tulipokwenda tulikaribishwa vizuri, kahawa na halua, tukaulizana afya za watoto, tukarudi kwetu.

Siku moja nilimgusia shangazi yangu. Akaniambia: "Mwanangu, mambo ya ndani hayasemwi ndiani." Kisha akaongeza neno lililonikaa kifuani mpaka leo: "Na mumeo akikuacha, utarudi kwa nani?"

Hapo nikaelewa kile ambacho hakuna aliyewahi kunieleza. Fungu langu nilikuwa nimeliweka kwa kaka kama amana ya siku mbaya. Wanawake wangapi wa mji huu wako hivyo? Urithi wetu tunaunyamazia ili siku ya talaka mlango wa ndugu usifungwe. Ni bima ambayo hatukuandikiana, na hatujui kama italipa.

Sasa nyumba yenyewe. Masika yaliyopita dari ya chumba cha ndani ilianguka usiku. Alhamdulillahi hapakuwa na mtu aliyelala pale. Asubuhi tulisimama sote watano juu ya kifusi, zidaka, yale matundu ya ukutani alimokuwa mama akipanga sahani zake, zimevunjika vipande vipande, na ndipo kaka akasema: "Niliona muhali kuwaomba mchango wa kutengeneza, msije mkadhani nataka kuwatoa." Sisi nasi tuliona muhali kuchanga, asije akadhani tunajiwekea alama kwenye mafungu. Miaka 12 kila mtu alikuwa akiuhifadhi moyo wa mwenzake, na dari ikinywa maji.

Simwiti kaka yangu mwizi, na naomba asiitwe hivyo hapa. Nauliza jambo moja: hii ni heshima gani?

Mzee wa Shela

Wa aleikum salaam binti yangu. Pole sana kwa nyumba. Kuona dari ya wazazi iko chini ni kama kufiwa mara ya pili.

Lakini niruhusu nikupinge, na nikupinge kwa urefu, maana naona vijana wanaukata mti kwa sababu ya tawi moja.

Mji wetu umejengwa kwa kubanana. Punda wawili wakikutana kwenye kichochoro, mmoja lazima arudi. Ukuta wangu ndio ukuta wa jirani, akikohoa namsikia. Watu waliobanana hivi wakiambiana kila kilicho moyoni hawatakaa wiki moja. Muhali ndio uliotuwezesha kukaa karne na karne tukizikana na kuozana.

Nikukumbushe 2014. Mwezi wa sita watu zaidi ya 60 waliuawa Mpeketoni. Serikali ikaweka kafyu, na kuvua usiku kukapigwa marufuku. Mimi riziki yangu ilikuwa ya usiku, na wenzangu wengi pia. Tuliishi vipi? Mwenye duka alinipa unga, mchele, sukari na mafuta miezi na miezi. Hakuniuliza nitalipa lini. Angeniuliza ningekufa kwa aibu, naye alilijua hilo, akanihifadhi. Nilikuja kumlipa kidogo kidogo mpaka likaisha. Huo nao ni muhali, binti yangu. Ulilisha watoto wangu.

Tena msiufananishe na woga. Wavuvi wa Lamu waliposhitaki kuhusu bandari mpya, Mahakama Kuu ya Malindi mwaka 2018 iliamua walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76, wavuvi kama 4,600. Mwaka uliofuata leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe kule Kwasasi ilifutwa, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Watu wa mji huu huu, wenye muhali huu huu, walisimama wakasema hapana mbele ya serikali na matajiri. Ulimi tunao. Tunachagua tu mahali pa kuutumia.

Msomaji wa Malindi

Mzee wangu, shikamoo. Hilo la duka nalikubali kwa mikono miwili. Lakini huku kwetu Malindi muhali una sura nyingine, na ni lazima niiseme.

Mwaka 2006 UNICEF na serikali walitoa ripoti kuhusu watoto wanaotumiwa kingono katika utalii wa pwani. Walikadiria wasichana kati ya 10,000 na 15,000 katika miji yetu ya pwani, Malindi ikiwamo. Wasichana hao walikuwa na majirani. Jirani alimwona binti wa darasa la nane akishushwa na gari usiku, akaona nyumba yao imeezekwa mabati mapya, akasema, "Naona muhali kumwambia mamake, atadhani namwonea kijicho." Nilikuwa mmoja wa majirani hao. Binti yule sasa ni mtu mzima, na kila nikikutana naye sokoni hunisalimia kwa heshima zote, nami siwezi kumtazama usoni.

Aibu ya nani tuliyokuwa tukiisitiri?

Asiyetaja jina

Mimi niliolewa kwa muhali. Ami yangu alikuja kuniposea mwanawe, na baba akasema, "Nitamkataliaje ndugu yangu niliyenyonya naye ziwa moja?" Mimi nami nikaona muhali kumkatalia baba. Ndoa ilidumu miaka mitatu. Baba na ami hawasemezani mpaka leo. Ni hayo tu.

Mwalimu wa chuo

Ndugu zangu, nimesoma yote na nimeguswa, hasa na huyu wa mwisho. Allah amfanyie wepesi.

Nataka tutenganishe mambo mawili tunayoyafunga kitambaa kimoja: kuona haya na kuona muhali. Kuona haya ni sehemu ya imani, Mtume (s.a.w.) amesema, na asiyekuwa na haya amepungukiwa. Lakini haya ni kujizuia na ovu. Kujizuia na haki ni kitu kingine kabisa, na Qur'ani yenyewe inatuambia kuwa Mwenyezi Mungu haoni haya kwa jambo la haki. Bi Aisha (r.a.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa sababu haya haikuwazuia kuuliza mambo ya dini yao. Waliuliza mpaka mambo ambayo leo binti zetu hawamuulizi hata mama.

Tazameni aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara. Inazungumzia nini? Deni. Inaamrisha liandikwe, pawe na mwandishi, pawe na mashahidi, wala msichoke kuliandika, likiwa dogo au kubwa. Sasa nani katika sisi anayemkopesha shemeji yake akatoa karatasi? Ukitoa karatasi utaambiwa umemvunjia heshima. Na mirathi: aya ya saba ya Suratun Nisaa inasema wanaume wana fungu na wanawake wana fungu katika waliyoyaacha wazazi, kiwe kichache au kingi, fungu lililofaradhiwa. Imesema faradhi. Kwa hivyo dada anapoogopa kulitaja fungu lake, anayemzuia si dini. Ni sisi, halafu tunaivika mila yetu kanzu na kilemba tukaiita dini.

Mzee wa Shela, kisa chako cha 2014 ni kizuri mno, lakini naona alichokufanyia mwenye duka kina jina lake. Ni ihsani. Alikuwa na uwezo wa kudai, akachagua kusubiri. Mwenye muhali hachagui.

Mzee wa Shela

Maalim, umejuaje kama alichagua? Labda naye alikesha akihesabu hasara na hakuweza kunitamkia. Sijawahi kumuuliza. Nitamuuliza.

Fundi wa chokaa

Mimi si mtu wa maneno mengi, lakini hili la nyumba ni kazi yangu, niwape ninayoyaona.

Nyumba zetu za mawe ya matumbawe haziangushwi na uzee. Zinaangushwa na maji. Dari imebebwa na boriti za mikoko, juu yake mawe na chokaa iliyoshindiliwa. Vyumba vyenyewe ni vyembamba kwa sababu boriti ndiyo inayoamua upana. Chokaa ya juu ikipasuka ufa wa unene wa kucha, maji ya masika yanaingia, boriti inaanza kuoza kwenye ncha iliyozikwa ukutani, pale ambapo hamuioni. Mwaka wa kwanza mnaona doa. Wa pili lipu inavimba. Ukiziba ufa mapema ni kazi ya siku mbili na chokaa kidogo. Ukisubiri, ni kubadilisha dari nzima.

Sasa nikiitwa, swali langu la kwanza ni: nani analipa? Hapo ndipo kimya kinapoingia. Mmoja yuko Mombasa, mwingine Arabuni, dada hataki kuonekana anajitia. Nimepanda dari za nyumba zenye warithi zaidi ya 20, wajukuu na vitukuu, hakuna hata mmoja anayeweza kuniambia "tengeneza". Mwisho anakuja mnunuzi kutoka Ulaya na pesa mkononi, na wote waliokuwa na muhali wa kuchangia chokaa wanatia saini siku moja. Nyumba inapona, kwa sababu amepatikana mtu mmoja wa kuniambia tengeneza. Familia haikanyagi tena ndani yake.

Tangu 2001 mji wetu mkongwe uko katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Hiyo ni fahari, sikatai. Lakini orodha haizibi ufa.

Mama wa watoto wanne, Mkomani

Dada mleta mada, nakuunga mkono ila naogopa unakotupeleka. Mimi nilidai. Nilikwenda mpaka kwa Kadhi, maana mirathi ya Waislamu iko katika mamlaka yake kwa Katiba, na haki yangu nilipewa kamili. Tangu siku hiyo sialikwi harusi kwa ndugu zangu. Mwanangu alipougua nilikaa hospitali peke yangu usiku kucha. Fungu nilipata, nikakosa watu. Msiwaambie wanawake wadai kama kwamba haina bei.

Binti wa Langoni

Ndugu zangu, nimesoma kila neno, mengine mara mbili. Asante.

Mama wa Mkomani, machozi yamenitoka. Sitasema haina bei. Hicho ndicho alichokuwa akiniambia shangazi kwa njia yake, nami nilimwona wa kizamani. Alikuwa anajua bei, kumbe.

Mzee wangu wa Shela, umenifanya nifikiri kuliko wote, na nakujibu kwa heshima zote. Umesema ulimi tunao, mbele ya serikali na matajiri tumesimama. Ni kweli, na hicho ndicho kinachoniuma. Tuliweza kumwambia jaji mbele ya mawakili wa serikali ni kiasi gani cha bahari yetu kimeharibiwa, na mimi sikuweza kumuuliza kaka yangu wa tumbo moja kuhusu chumba kimoja. Kwa mgeni tunadai. Kwa ndugu tunanyamaza, na anayenyamaza kwanza ni yule ambaye akisema atafukuzwa: mwanamke, mtoto, maskini wa ukoo. Kaka yangu naye aliona muhali, nakubali, lakini muhali wake ulimwacha ndani ya nyumba na wangu ukaniacha nje.

Bado sitaki tuwe watu wa kudaiana kila asubuhi. Ule wa dukani nautaka ubaki. Nikimjua mtu ana shida sitamtolea daftari.

Nimeamua hivi. Nimempigia kaka simu, sauti ikinitetemeka, nikamwambia kuhusu nyumba kabla hata ya kumaliza salamu, kwa sababu nilijua nikimaliza salamu sitasema. Alikaa kimya. Kisha akasema, "Njooni." Jumamosi baada ya alasiri tutakaa wote watano kwenye daka, pale kibarazani mlangoni, na maalim mmoja wa mtaa atakuja kutusomea mafungu. Shangazi nimemwalika akae kando yangu. Hajasema kama atakuja.

Fundi, swali langu ni kwako: tuanzie wapi, kugawana au kutengeneza?

Fundi wa chokaa

Fungeni maji kwanza. Mirathi itasubiri Jumamosi, mvua haisubiri. Tandikeni turubai juu ya sehemu iliyobomoka leo hii, na msimruhusu mtoto kulala vyumba vya pembeni mpaka ncha za boriti ziangaliwe. Mkinitaka nitakuja Jumamosi hiyo hiyo. Nitawaandikia kwenye karatasi bei ya chokaa, boriti na siku za kazi, na kila mmoja wenu watano atapata nakala yake.