Leseni ya kijana wetu imesimamishwa hapa California: bima ya magari ya familia itakuwaje?

Baba Imani (San Diego)

Ndugu zangu, nawasalimu. Kijana wetu wa miaka 17 amepatikana na kosa la tatu la barabarani ndani ya miezi 12, na DMV, idara ya magari ya jimbo, imetuandikia kwamba leseni yake ya masharti, ile wanayopewa walio chini ya miaka 18, imesimamishwa kwa miezi sita, na kwamba atakuwa chini ya uangalizi kwa mwaka mmoja. Magari yetu mawili yamo katika mkataba mmoja wa bima, naye ameandikwa humo kama dereva. Shemeji yangu ananishauri ninyamaze hadi miezi hiyo ipite, kwa hoja kwamba asiyeendesha hawezi kuitia kampuni hasara. Mke wangu anataka tumwondoe mara moja ili ada ipungue. Je, kampuni inaweza kutuvunjia mkataba sote kwa sababu ya mtoto mmoja? Na tuanzie wapi?

Mzee wa Bima

Baba Imani, pole sana. Nimekuwa wakala wa bima katika jimbo hilo kwa muda mrefu, na kwa heshima zote kwa shemeji yako, ushauri wake usiufuate. Kampuni husoma kumbukumbu za DMV za kila dereva aliyeandikwa, hasa mkataba unapokaribia kuhuishwa, kwa hiyo habari hiyo itawafikia hata kama hutasema neno.

Kuhusu swali lako la kwanza, jibu ni ndiyo. Sheria ya bima ya California inaruhusu mkataba kuvunjwa kabla ya muda wake ikiwa leseni ya mwenye mkataba, au ya dereva mwingine anayeishi katika nyumba hiyo, imesimamishwa, mradi kampuni itoe taarifa ya maandishi ya siku zisizopungua 20. Sheria inaruhusu tu, haiilazimishi kampuni, na ndiyo maana ninakuhimiza umpigie wakala wako wewe kwanza, ukiwa na barua ya DMV mkononi, badala ya kungoja barua yao. Barua hiyo isome hadi mwisho: ikitaka fomu ya SR-22, yaani uthibitisho kwamba dereva ana bima, ni kampuni ya bima inayoiwasilisha DMV, si wewe.

Mama Tatu

Ninaomba mke wako asome hapa, kwa sababu kumwondoa kijana na kumtenga ni mambo mawili. Ukiomba jina lake lifutwe huku bado analala nyumbani kwenu, kampuni itauliza kwa nini, na aghalabu itawataka mtie saini kwamba ametengwa kwa jina lake. Ada inaweza kupungua, lakini kuanzia siku hiyo, akiendesha gari lenu hata kwa dharura ya kumpeleka mgonjwa hospitali, bima hiyo haitalipa chochote, si kwa aliyegongwa wala kwa gari lenyewe. Anayedaiwa atakuwa mwenye gari. Zaidi ya hayo, mzazi aliyetia saini ombi la leseni ya mtoto amekubali kubeba fidia ya madhara atakayosababisha akiwa nyuma ya usukani, na polisi wakimkamata akiendesha wakati leseni imesimamishwa, gari linaweza kuzuiliwa kwa siku 30. Kwa hiyo mkikubali kumtenga, funguo zisining'inie ukutani.

Mkazi wa Oakland

Ninaongeza jambo moja tu. Ada ikipanda, msikimbilie kupunguza kinga hadi kiwango cha chini cha sheria. Tangu tarehe 1 Januari 2025 kiwango hicho ni dola 30,000 kwa majeruhi mmoja, dola 60,000 kwa ajali yenye majeruhi zaidi ya mmoja, na dola 15,000 kwa mali, na hospitali za huku humaliza fedha hizo upesi mno.

Baba Imani (San Diego)

Nawashukuru kwa moyo wote. Mke wangu amesoma na tumekubaliana kumpigia wakala kesho asubuhi. Miezi sita ikiisha, je, ada itarudi ilivyokuwa?

Mzee wa Bima

Hapana, kaka. Pointi za makosa ya kawaida, yaani alama anazoandikiwa dereva kwa makosa hayo, hukaa katika kumbukumbu kwa miezi 36, na tangu wapiga kura walipopitisha sheria ya bima iitwayo Pendekezo la 103 mwaka 1988, rekodi ya dereva ndiyo kigezo cha kwanza cha kupanga ada ya gari katika jimbo hilo, ikifuatiwa na maili anazoendesha kwa mwaka na miaka ya uzoefu. Ombeni bei kwa kampuni nyingine pia kabla ya kuhuisha. Na kama mtakuwa mmemtenga, leseni kurudishwa hakumrudishi katika bima: ombeni arudishwe, mpate uthibitisho wa maandishi wenye tarehe, ndipo mumpe funguo.