Mrejesho: Lile swali langu la habari za wadi

Wadau, salaam. Niliwauliza sisi vijana wa kujitolea hapa Mathare, Nairobi, tufanyeje ili habari za wadi zisikike, maana waandishi huja kukiwa na moto au mafuriko tu. Asanteni sana kwa majibu.

Tulianza na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, kama mmoja wenu alivyoshauri. Tukaiandikia ofisi husika barua kuomba kuonyeshwa bajeti ya mtaro unaotakiwa kuchimbwa hapa, nakala yetu tukaigongesha muhuri wa kupokelewa (hilo msilisahau!). Siku 21 za kujibu kisheria zikapita kimya. Tukalalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala, inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma, ndipo ofisi tuliyoiandikia ikatoa kurasa tatu, nusu ya tulichoomba.

Redio ya mtaa ikatupa nusu saa Jumamosi, tukasoma hesabu zile hewani kwa Sheng. Mwakilishi wadi mwenyewe akapiga simu studioni!

Jarida letu la kuchapisha wenyewe ndilo lililotuangusha. Pesa ziliishia toleo la kwanza, na nakala nyingi zikafungia mandazi. Siku hizi tunabandika karatasi moja penye kibanda cha maji, na watu husoma wakingoja mitungi ijae.

Mtaro bado haujachimbwa.