Mlango wa mbele: gongo la kitasa, kizuizi cha sakafuni au kuimarisha fremu?

Mpangaji_Kimya
Ndugu zangu, nisaidieni kuchagua. Mlango wangu wa mbele ni wa mbao, unafungukia ndani, una kitasa kimoja cha katikati na komeo dogo juu. Hofu yangu ni mtu kuupiga teke usiku tukiwa tumelala. Nimeona vitu vitatu: gongo la chuma linaloegemezwa chini ya mkono wa kitasa huku mguu wake wa mpira ukikanyaga sakafu, kizuizi kinachofungiwa sakafuni, sehemu yake ya juu unaichomeka usiku na kuichomoa asubuhi, na bati refu la chuma la kuimarisha mwimo (ubao wa pembeni wa fremu) pale ulimi wa kitasa unapoingia. Nimepanga, kwa hiyo kutoboa sakafu kuna mazungumzo yake. Mngekuwa ninyi mngenunua kipi?

fundi_bawaba
Hilo la tatu, bila kusita. Mlango ukipigwa teke, mara nyingi kitasa kinabaki kizima. Kinachopasuka ni mwimo, pale kwenye tundu la ulimi. Fungua uangalie: utakuta kibati kifupi kimeshikwa na skrubu mbili za sentimita mbili hivi, zinazoishia kwenye ubao wa fremu tu. Hata kitasa cha bei mbaya hakina pa kujishikilia hapo.

Kabla hujanunua hilo bati refu, toa hizo skrubu uweke za milimita 75 zinazopenya fremu na kuingia kwenye nguzo ya mbao iliyo nyuma yake. Kama nyuma ni tofali, utoboe kwa keekee na kutia plagi ya ukutani ya kushika skrubu. Toboa kwanza tundu jembamba la kuongoza, la sivyo utaupasua mwimo mwenyewe kabla ya mwizi. Kisha kila bawaba nayo ipate skrubu ndefu walau moja. Bati refu lije baada ya hapo. Kazi yake ni kutawanya nguvu ya teke mwimo wote badala ya kuiachia sehemu moja.

Zawadi_K
Nakubaliana na fundi kuhusu fremu, lakini msilidharau gongo. Halihitaji kutoboa kitu, ukihama unahama nalo, na safarini linaingia kwenye begi. Mimi nalitumia. Tatizo lake ni sakafu: kwenye vigae laini mguu unateleza, hasa kukiwa na vumbi au maji. Kabla ya kuliamini, liweke, kisha mtu asimame nje ausukume mlango kwa bega. Likisogea hata kidogo, ufute mpira na sakafu ujaribu upya, au lirudishe dukani. Halafu kama mkono wa kitasa chako ni ule mwembamba wa kulala, ujue gongo linaweza kuukunja.

mzee_wa_ufunguo
Mnalinganisha vitu vya kazi mbili tofauti. Gongo na kizuizi cha sakafuni vinafanya kazi mkiwa ndani tu. Ukitoka, nani ataviweka? Fremu iliyoimarishwa inalinda usiku na mchana, uwepo usiwepo.

Ila kwa usiku peke yake, mimi kizuizi cha sakafuni nakipa alama nyingi kuliko gongo. Nguvu ya teke inashuka kwenye zege, haipiti kwenye fremu wala mkono wa kitasa. Sharti ni boliti zishike kwenye zege lenyewe. Zikiishia kwenye kigae umejidanganya.

Na hicho kitasa chako, pima ulimi wake ukiwa umetoka wote. Unaofaa ni wa milimita 25 hivi. Angalia pia silinda, pale unapochomeka ufunguo, kwa nje: ikichomoza zaidi ya milimita 3 kutoka kwenye bamba lake, inashikwa kwa koleo na kukatwa katikati. Zipo silinda zilizotengenezwa kuzuia hilo.

Mpangaji_Kimya
Asanteni sana. Nimeongea na mwenye nyumba, fremu amekubali, sakafu amekataa katakata. Je, mnyororo wa mlango? Na kitasa cha kidijitali?

fundi_bawaba
Mnyororo ni wa kuchungulia mgeni, basi. Teke moja, skrubu zake zinang'oka. Cha kidijitali kinakuondolea shida ya funguo, lakini ulimi wake unaingia kwenye mwimo uleule.

Bi_Tahadhari
Mmesahau moto. Chochote mtakachoweka, kila aliye ndani aweze kukitoa gizani, kwenye moshi, bila kutafuta ufunguo. Kitasa kinachohitaji ufunguo hata kwa ndani ni hatari kama ndiyo njia pekee ya kutokea. Gongo nalo mlifanyie mazoezi na watoto. Kama bibi au mtoto wa miaka saba hawezi kulitoa, basi halifai nyumba hiyo, hata liwe imara vipi.

Zawadi_K
Kweli kabisa, dada. Langu linatoka kwa kuvutwa mguu kuja ndani, lakini tulilazimika kulirefusha kidogo ili lisikwame.

kona_ya_nyuma
Samahani kudandia mjadala. Wangu wa nyuma unafungukia nje. Je, gongo linafaa?

mzee_wa_ufunguo
Halifai, mkuu. Gongo, kabari na kizuizi cha sakafuni vyote vinazuia mlango usiende ndani. Wako unavutwa nje. Faida yako ni kwamba teke halina nafasi kubwa, mlango umeegemea fremu. Kasoro ni bawaba: pini zake ziko nje, mtu akizigonga zikatoka anaung'oa mlango kutoka upande huo.

fundi_bawaba
Dawa yake ni vijiti vya chuma vinavyofungwa kwenye ubavu wa mlango upande wa bawaba, kimoja karibu na kila bawaba. Mlango ukifungwa vinazama kwenye matundu ya mwimo, kwa hiyo hata pini zikitolewa mlango haubanduki. Ukikosa vijiti, toa skrubu moja katikati ya bawaba pande zote mbili. Upande wa mlango weka skrubu nene, uiache ichomoze nusu sentimita baada ya kukata kichwa, na upande wa mwimo panua tundu linaloikabili liipokee. Funga mlango taratibu mara ya kwanza uone kama inaingia bila kugusa kingo.