Mtoto amemaliza kemo: CT, MRI au ultrasaundi?

MamaKayole
Habari zenu wadau. Kijana wangu ana miaka tisa. Alikuwa na limfoma ya Hodgkin, saratani ya tezi, kemo kamaliza Machi, na picha ya mwisho haikuonyesha kitu. Tangu augue amepigwa CT nne (zile za eksirei zinazoona ndani kwa vipande) na PET mbili (unadungwa dawa yenye mionzi, saratani inang'aa). Juzi jirani kaniambia mionzi hiyohiyo inaweza kumletea saratani nyingine, na tangu hapo usingizi umenipaa. Waliohamia MRI au ultrasaundi, inatosha? Bei nimeulizia, MRI inauma.

Mpigapicha
Pole mama, na hongera kwa kuvuka kemo. Kazi yangu ndiyo hiyo, kupiga picha. Jirani hajadanganya, ila ametia chumvi. CT moja ya kifua, tumbo na nyonga huwa na kama milisiveti (kipimo cha mionzi) 10 hadi 20, wakati mionzi ya ardhini na angani inayotupata sote ni wastani wa 2.4 kwa mwaka. Hatari ya CT moja ni ndogo. Tatizo ni kwamba hujumlika, na mtoto mwili wake bado unakua na ana miaka mingi mbele. PET nayo hupigwa pamoja na CT, kwa hiyo anapata mionzi ya sindano na ya mashine.

MRI inatumia sumaku na mawimbi ya redio, haina mionzi hiyo kabisa. Ubongo, uti wa mgongo, ini, uboho, huko inaona vizuri mno. Inapolegea ni mapafu: yamejaa hewa na hayatulii, kivimbe kidogo ambacho CT ingekikamata huiponyoka. Halafu ni dakika 40 hadi saa nzima ndani ya tundu, kelele kama mtu anagonga mabati. Wadogo mara nyingi hupewa dawa ya usingizi.

Ultrasaundi ni nafuu na haina shida, lakini haipenyi hewa wala mfupa. Tezi za katikati ya kifua, ambako Hodgkin hupenda kukaa, haizifikii vizuri.

BabaHalima_Eastleigh
Binti yangu alikuwa na uvimbe wa Wilms, saratani ya figo ya watoto, figo moja ikatolewa. Miaka miwili ya kwanza ilikuwa ultrasaundi ya tumbo na eksirei ya kifua kila miezi mitatu, basi. MRI sikuwahi kuiomba. Nyumba tofauti, paa tofauti, dada.

Msomaji_Ngara
Kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, Heike Daldrup-Link na wenzake, 2014. Walilinganisha MRI ya mwili mzima, pamoja na dawa ya chembechembe za chuma, na PET-CT kwa watoto na vijana. Kati ya uvimbe 174, MRI iliona 158 na PET-CT 163. Karibu sawa!

Mpigapicha
Naujua. Wagonjwa walikuwa 22, hawajazi hata matatu mbili. Na walikuwa wanapimwa ugonjwa umeenea wapi, si kufuatiliwa baada ya kupona.

Shangazi_Kahawa
Mimi nilipona Hodgkin nikiwa na miaka 19. Daktari wangu hanipigi picha yoyote bila sababu, na hata mwongozo wa Lugano wa 2014, ule wa kimataifa wa limfoma, haupendekezi picha za mara kwa mara kwa asiye na dalili. Ananipapasa shingo, kwapa na kinena, anapima damu, ananiuliza homa, jasho la usiku, uzito. Mara moja PET iling'aa kifuani. Wiki sita nilikuwa nimeshajizika. Kumbe ni thaimasi, tezi ya kifuani, imevimba tena baada ya kemo, jambo la kawaida kwa vijana. Hofu ile hakuna aliyenirudishia.

MamaKayole
Eh! Mimi nilikuwa nachagua mashine, kumbe kwanza niulize kama picha yenyewe inahitajika. Kliniki ni Jumanne, nitamuuliza daktari kila picha inatafuta nini. Mpigapicha, bado ana porti kifuani, kile kifaa cha kupitishia dawa, MRI itakubali?

Mpigapicha
Porti nyingi za siku hizi zinakubali, lakini nenda na kadi yake na uwaambie kabla hajaingia chumbani. Pia pitia dawati la SHA, bima ya afya ya serikali, uulize kama picha hiyo imo, usilipe kwanza. Na mkanda wa chuma auache nyumbani.

MamaKayole
Asante. Anaupenda huo mkanda kuliko mimi.