Ndama mchanga: ndoo, chupa ya chuchu au aachwe kwa mama?

MamaZizi_Rungwe
Wadau, mtamba wangu kazaa jana usiku, ndama jike. Huwa nanywesha kwa ndoo: natumbukiza kidole kwenye maziwa anyonye, kisha nakitoa taratibu. Sasa yule wa mwezi uliopita akimaliza lita zake mbili tu, anageukia sikio la mwenzake na kulinyonya mpaka limechubuka. Jirani anasema ninunue chupa ya chuchu, shemeji anasema mwache kwa mama siku tatu. Maziwa si ni yale yale?

Kijana_wa_Boma
Ndoo, mama. Unaiosha mara moja imekwisha. Chupa zina kona kona, maziwa yanagandia humo, ndama anaanza kuharisha.

Daktari_Mstaafu
Kabla ya yote, dang'a, yale maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, amepata?

Maziwa ni yale yale, ila tumbo halisubiri maziwa peke yake. Ndama anapovuta chuchu, neva zinapeleka habari tumboni na homoni zinaanza kumwagika kwenye damu. Mwaka 1993, watafiti wa Kanada, akina Anne Marie de Passillé, waliwaachia ndama chuchu kavu, isiyotoa hata tone, baada ya kunywa maziwa. Insulini na kolesistokinini zikapanda kuliko kwa walionyimwa chuchu. Gastrini, homoni nyingine ya tumbo, haikubadilika.

Hiyo kolesistokinini ndiyo inayobana mfuko wa nyongo, inaliamsha kongosho litoe vimeng'enya, tena inamwambia mnyama kwamba ameshiba. Wa ndoo anamaliza lita mbili kwa dakika moja. Tumbo limejaa, mdomo bado una hamu. Ndiyo habari ya sikio hiyo.

Mfugaji_Njoro
Daktari umenena. Mimi niliambiwa maziwa ya ndoo yanaingia tumbo kubwa na kuchachia humo, ndiyo maana nikaacha ndoo.

Daktari_Mstaafu
Hapo walikuchanganya kidogo, mkuu. Ndama aliyezoea ndoo na anayeifurahia, ule mfereji wa kupeleka maziwa moja kwa moja tumbo la nne, linalomeng'enya maziwa, kwa kawaida hufunga vizuri. Mfereji huo haufungi pale unapotumia mrija wa kooni. Hata hivyo mrija una kazi yake: ndama dhaifu asiyeweza kunyonya, mpe dang'a kwa mrija kuliko kumkosesha.

MamaZizi_Rungwe
Dang'a alipata lita mbili, saa moja baada ya kuzaliwa. Na huyu wa shemeji je, kumwacha kwa mama?

Bi_Ng'ombe
Shemeji ana hoja, kwa mama ananyonya apendavyo. Shida ni kwamba hujui kanywa kiasi gani. Mtamba wa kwanza anaweza kumpiga teke, au chuchu ziko chini mno na ndama anahangaika kwenye mapaja mpaka alfajiri. Wakati huo utumbo unafunga mlango: kinga ya dang'a inapita kuingia kwenye damu saa za mwanzo tu, na ikifika siku moja hivi haipiti tena. Ndama wa kilo 35 anahitaji kama lita tatu na nusu mapema. Wako bado anadai lita moja na nusu, mpe sasa hivi. Tena dang'a si kinga tu, ina insulini nyingi kuliko maziwa ya kawaida na vichocheo vingine vya kukuza utumbo, kwa hiyo hata mlango ukishafunga usiwahi kuiuza wala kuimwaga.

Mimi nashika chupa. Ila msipanue tundu kwa msumari wa moto! Geuza chupa kichwa chini: maziwa yadondoke tone tone. Yakichuruzika, ndama anagugumia badala ya kunyonya, na anaweza kupaliwa yakaingia mapafuni.

Kijana_wa_Boma
Sasa sisi wenye ndama kumi na ndoo tatu?

Daktari_Mstaafu
Baki na ndoo, kijana. Funga chuchu kavu ukutani, usawa wa pua zao, uwaachie dakika kumi hivi baada ya kunywa. Hamu ya kunyonya inakuwa kali maziwa yakishaonjwa, kisha inapoa yenyewe.

MamaZizi_Rungwe
Nimerudi. Ile lita na nusu kaimaliza kwa chupa niliyoazima kwa jirani, taratibu, mkia unacheza muda wote. Nikamwachia chuchu tupu, akavuta weee, mwisho akalala majanini. Yule mnyonya sikio naye nimemfungia yake ukutani. Hizi chuchu mnaziosha na nini?

Bi_Ng'ombe
Kwanza maji ya uvuguvugu kuondoa maziwa, kisha maji moto na sabuni, na burashi ndogo ndani. Zianike kichwa chini.