Tupeane uzoefu: Windows na Ubuntu ndani ya mashine moja, menyu ya kuwasha imewahi kukuchezea vipi?

FundiKondele (Kisumu)
Naanza mimi. Nina saiba ndogo, mashine sita, zote zina Windows na Ubuntu (mfumo wa bure wa Linux). Wateja wanataka Windows, mimi jioni nafungia hesabu Ubuntu. Menyu ya GRUB (programu inayokuuliza uingie mfumo gani ukiwasha mashine) ilikuwa ikingoja sekunde 10 halafu inaingia Ubuntu yenyewe, kila asubuhi naitwa mezani. Nikafungua faili ya mipangilio yake, /etc/default/grub, nikaandika GRUB_DEFAULT=2 (hesabu inaanzia sifuri, na Windows ilikuwa mstari wa tatu), nikapiga sudo update-grub, amri ya kuijenga menyu upya. Raha mustarehe.

Mpaka nilipopandisha Ubuntu kutoka 22.04 hadi 24.04. Kesho yake mama mmoja akaniita: "Kijana, hii yako inahesabu tu." Skrini ya buluu, namba zinakimbia! Kumbe toleo jipya limechomeka mistari ya kupima memori juu ya Windows, kwa hiyo namba 2 sasa ni kipimo cha RAM. Mama ana fomu ya basari ya mtoto mkononi, mashine inajipima afya.

Njoro_usiku (Nakuru)
😂 Pole. Yangu ilikuwa saa. Nikitoka Ubuntu kuingia Windows, saa tisa alasiri inasomeka saa sita mchana. Ubuntu huweka saa ya ndani ya mashine (ile ya kwenye ubao mama) kwa UTC, yaani saa ya dunia iliyo nyuma yetu, Windows inaichukua kama saa ya hapa, basi masaa matatu yanapotea. Nilichelewa kuwasilisha kazi ya darasa nikijua muda bado upo. Dawa, ndani ya Ubuntu piga amri hii: timedatectl set-local-rtc 1. Itakupa onyo, usijali.

Shamberere
Mimi Windows ilitoweka kabisa kwenye menyu baada ya update-grub. Nilishatafuta flashi ya kuiweka upya, faili za chama zote humo! Haikuwa imefutika. Tangu GRUB 2.06 ya mwaka 2021 kutafuta mifumo mingine kumezimwa, mpaka uandike GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false kwenye ile faili ya /etc/default/grub. Onyo lilikuwa limeandikwa pale pale kwenye terminali, dirisha la kupigia amri. Sikusoma.

Njoro_usiku
@FundiKondele si uweke GRUB_DEFAULT=saved na GRUB_SAVEDEFAULT=true? Itarudi ulikoingia mara ya mwisho.

FundiKondele
Mdogo wangu, mara ya mwisho ni mimi jioni, ndani ya Ubuntu. Asubuhi tunarudi pale pale. Kwenye GRUB_DEFAULT nimeandika jina lote la mstari wa Windows kama lilivyo kwenye menyu, ndani ya alama za nukuu: "Windows Boot Manager (on /dev/sda1)". Mistari iongezeke ipungue, jina halihami.

BungomaMoja
Nyinyi mna subira. Mimi naacha Windows itangulie, nikitaka Ubuntu nabonyeza F12 nikiwasha, mashine inanipa orodha ya kuchagua. Ya bibi yangu ni HP, yake ni F9.

Shamberere
Na stima ikipotea ukiwa katikati ya kugawa diski?

BungomaMoja
Hiyo fungulia uzi wake. Nina mengi.