Mjadala: Jambo ambalo katiba haikuligawa, nani alitungie sheria?

Mtoa hoja:
Katiba ya Kanada ya 1867 iliyapa majimbo orodha ya mambo yao katika kifungu cha 92, na katika kifungu cha 91 ikalipa Bunge la taifa uwezo wa kutunga sheria kwa ajili ya amani, utulivu na utawala bora juu ya kila jambo ambalo majimbo hayakukabidhiwa. Nashikilia kwamba mamlaka hayo yaliyobaki yanastahili kukaa kwa taifa, ila yatumike pale tu ambapo majimbo, hata yakitaka, hayawezi kulimudu jambo lenyewe. Walioandika katiba ile hawakuijua ndege. Manispaa ya West St. Paul, katika jimbo la Manitoba, ilipojaribu kudhibiti viwanja vya ndege katika eneo lake, Mahakama ya Juu iliamua mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwamba usafiri wa anga ni jambo la taifa zima, na sijamsikia mtu akidai kwamba kila manispaa ingefaa kuwa na sheria yake ya anga.

Mchangiaji:
Ndugu mtoa hoja, umejichagulia mfano rahisi. Tazama sheria ya taifa ya 2018 ya kutoza bei hewa ya ukaa, ile inayotoka mafuta yanapochomwa. Majimbo ya Saskatchewan, Ontario na Alberta yaliipinga, na tarehe 25 Machi 2021 Mahakama ya Juu ikaipitisha kwa majaji sita dhidi ya watatu, ikisema kwamba kiwango cha chini cha bei hiyo ni suala la maslahi ya taifa. Mafuta yanachomwa katika kupasha nyumba joto, katika kukausha nafaka na katika kila kiwanda, yaani ndani kabisa ya mali na haki za kiraia ambazo kifungu cha 92 kiliyaachia majimbo. Jambo likishaitwa la taifa kwa njia hii, halirudi tena jimboni. Sisi wa Kenya tunalo la kujifunza hapa, kwa kuwa ibara yetu ya 186(3) nayo inaipa serikali ya kitaifa kila jukumu ambalo kaunti hazikupewa.

Mtoa hoja:
Hofu yako ina msingi, lakini dawa yake si kuyafuta mamlaka haya. Baraza la Faragha la London, lililokuwa mahakama ya mwisho ya rufaa za Kanada hadi 1949, lilijaribu kuyabana yabaki ya dharura tu, na tazama lilikofikia. Mwaka 1925, katika kesi iliyoitwa Snider, Lord Haldane, jaji wa Baraza hilo, alilazimika kuueleza uamuzi wa 1882 uliokubali sheria ya taifa ya kudhibiti pombe, na maelezo aliyoyapata ni kwamba huenda ulevi wa wakati ule ulihesabiwa kuwa tishio kwa uhai wa taifa. Kanada nzima, kwa tafsiri hiyo, ilikuwa karibu kuangamia kwa ulevi! Kipimo kinachomlazimisha jaji kusema hivyo ni kibovu.

Ninachokihofia mimi ni kile alichokieleza Jaji Suzanne Côté katika kesi hiyo ya 2021. Alikubali kwamba Bunge linaweza kuweka kiwango cha taifa cha bei ya hewa ya ukaa, lakini akapinga sheria hiyo kwa jinsi ilivyoandikwa, kwa sababu iliwapa mawaziri hiari isiyo na mipaka ya maana. Miaka minne baadaye tulishuhudia ukubwa wa hiari hiyo: tozo ya mafuta iliyomgusa mlaji ilishushwa hadi sifuri kuanzia tarehe 1 Aprili 2025 kwa kanuni za mawaziri, zilizotungwa wakati vikao vya Bunge vimeahirishwa. Mawaziri walioweza kuishusha namna hiyo wangeweza pia kubadilisha mengine kwa kalamu ile ile. Kwa hiyo, ndugu yangu, majimbo yanapokwenda mahakamani yaulize kwanza kama ni Bunge lenyewe lililoamua, ndipo yaulize kama lilikuwa na mamlaka.